Kompyuta isihesabu stoo nzima kabla ya kumhudumia mteja wa kwanza

UMEME wa mipakani una tabia yake. Hukatika bila hodi na kurudi bila taarifa, na kila unaporudi, kompyuta za vibanda vya kuchapa na kutoa kopi, za mawakala wa forodha na za wauza vipuri huanza kuwaka upya zote kwa wakati mmoja. Wateja husimama mlangoni wakitazama kioo cheusi. Mwenye duka huambiwa na fundi wake avumilie, mashine inaamka.

Ndugu msomaji, swali ninalotaka tulitazame leo ni dogo kwa sura lakini lina gharama. Kompyuta inapoamka, muda wote ule hufanya nini? Na je, yote inayoyafanya ni ya lazima?

Jibu langu nalitoa mapema. Sehemu ya kazi hiyo si ya lazima kwa saa ile. Imewekwa mwanzoni kwa mazoea tu, na ingeweza kuahirishwa hadi itakapohitajika, au kuachwa kabisa. Lakini ipo sehemu nyingine ambayo mtu akiiruka kwa pupa ya haraka, atakuja kulia baadaye. Kuzitenganisha sehemu hizo mbili ndiyo elimu yenyewe, na ndiyo tunayopaswa kuidai kwa mafundi wetu na kwa wote wanaotuuzia mitambo.

Kwanza tuelewane kuhusu maneno. Kompyuta ina mahali pawili pa kuweka vitu. Diski ni stoo: ukifunga duka usiku, asubuhi utakuta mali yako pale pale. Kumbukumbu, ile ambayo mafundi huiita RAM, ni meza ya kaunta: kila kinachofanyiwa kazi huletwa juu yake, na umeme ukizimwa, meza hupoteza kila kitu. Ukiwashwa tena, meza haiwi safi kama wengi wanavyodhani. Chipu zake hujaa takataka, yaani alama zisizo na maana yoyote, kwa sababu hakuna aliyeandika kitu juu yake.

Ndiyo maana kabla mfumo endeshi, uwe Windows au Linux, haujaanza kutuhudumia, meza hiyo huandaliwa. Maandalizi hayo ni ya aina tatu. Kuna kuipima, ili ijulikane kama ni nzima. Kuna kuifuta, yaani kuandika sifuri kila mahali. Na kuna kuiandikia daftari, ili mfumo ujue kila kipande cha meza kiko wapi na kinatumiwa na nani. Kila moja ya kazi hizi ina hadithi yake, na katika kila moja wahandisi wameshagundua kuwa walikuwa wakifanya zaidi ya inavyohitajika.

Tuanze na kupima. Kompyuta ya kwanza ya IBM iliyoitwa PC ilitoka Agosti 1981. Kila ilipowashwa ilijipima kumbukumbu yake, kipande kwa kipande, ikiandika alama na kuzisoma tena ili kuona kama zimebaki vile vile. Wakati huo kumbukumbu ilikuwa ndogo mno, kilobaiti 16 au 64 kwa mashine ya kawaida, lakini na mashine yenyewe ilikuwa ya polepole. Kadiri mtu alivyoongeza kumbukumbu, ndivyo alivyongoja zaidi. Alilipia zaidi ili asubiri zaidi!

Hata hivyo waliotengeneza mashine ile walikuwa na busara moja ambayo hadi leo inafaa kusimuliwa. Mtumiaji akibonyeza vitufe vitatu kwa pamoja, Ctrl, Alt na Del, ili mashine ianze upya bila kuzimwa umeme, programu ya ndani iliandika namba 1234 mahali maalumu kwenye kumbukumbu. Mashine ikianza upya, ilitazama mahali pale. Ikiikuta namba hiyo, ilijua kuwa dakika chache zilizopita ilikuwa kazini na kumbukumbu yake ilikwishapimwa, kwa hiyo iliruka upimaji na kusonga mbele. Isipoikuta, ilipima yote kuanzia mwanzo.

Tazama hekima iliyomo. Upimaji haukufutwa. Kilichofanyika ni kuuliza swali la muungwana: je, jambo hili limeshafanyika, na kuna sababu yoyote ya kulirudia?

Busara hiyo haikufuatwa na wote. Mwaka 1993, Microsoft ilipotoa MS-DOS 6.2, programu yake ya kusimamia kumbukumbu iliyoitwa HIMEM.SYS ilianza kupima kumbukumbu kila mashine ilipowashwa. Wakati huo huo mashine nyingi zilikuwa zimeshaipima kumbukumbu ile ile sekunde chache kabla, kwa programu iliyomo kwenye ubao wake. Asiyetaka kungoja mara mbili alilazimika kufungua faili la mipangilio na kuandika maneno /TESTMEM:OFF. Wangapi walijua? Waliojua ni mafundi na wasomaji wa vitabu vya maelekezo. Wengine wote walikaa wakitazama kioo.

Wanaovuka Kobero na Kabanga, Rusumo, Malaba au Busia wanauelewa mfano huu bila kufundishwa. Zamani lori lilisimama upande wa kwanza likakaguliwa, likavuka, kisha likasimama upande wa pili likakaguliwa upya kwa mambo yale yale. Nyanya hazijui sheria za forodha, zilioza. Ndipo likaja wazo la kituo cha pamoja, ambapo maofisa wa nchi mbili hukaa chini ya paa moja na msafiri husimama mara moja tu. Kituo cha kwanza cha namna hiyo barani Afrika kilifunguliwa Chirundu, kati ya Zambia na Zimbabwe, Desemba 2009. Jumuiya ya Afrika Mashariki nayo ikawa na sheria yake kuhusu vituo hivyo mwaka 2016. Ukaguzi ulibaki. Kilichoondolewa ni kusimama mara mbili kwa jambo moja.

Sasa tuje kwenye daftari, maana hapo ndipo kazi kubwa ya miaka ya karibuni imefanyika.

Mfumo wa Linux, ambao huendesha seva nyingi za mabenki, za kampuni za simu na za serikali duniani, huigawa kumbukumbu katika vipande vidogo vinavyoitwa kurasa. Kwa kompyuta nyingi, ukurasa mmoja una baiti 4,096. Kila ukurasa una kadi yake kwenye daftari, na kadi hiyo kwa kawaida huchukua baiti 64. Kadi ndiyo inayosema kama ukurasa uko wazi, unatumiwa, au umetengwa.

Kwa kompyuta ya dukani yenye gigabaiti 4, kurasa hizo ni zaidi kidogo ya milioni moja, na daftari lote ni megabaiti 64. Hilo ni jambo la kufumba na kufumbua. Lakini chukua seva yenye terabaiti moja ya kumbukumbu. Hapo kurasa ni zaidi ya milioni 268, na daftari peke yake ni gigabaiti 16. Zipo seva zenye kumbukumbu mara nyingi zaidi ya hiyo. Kujaza kadi milioni 268 kabla ya kufungua mlango ni sawa na mwenye duka anayehesabu kila punje ya mchele stooni kabla hajamuuzia mteja wa kwanza kilo moja ya sukari.

Tena kulikuwa na ubaya wa pili. Mfumo unapoanza kuamka, kati ya prosesa zake zote, ambazo kwenye seva kubwa zaweza kufika mamia, moja tu ndiyo iko kazini. Nyingine bado zimelala. Kazi yote ya kujaza daftari ikamwangukia huyo mmoja, wenzake wakikoroma.

Wahandisi wa kampuni ya SGI, iliyokuwa ikitengeneza mashine kubwa sana, walilileta suala hili mezani mwaka 2013 wakipendekeza kadi zijazwe pale tu ukurasa unapohitajika. Pendekezo lao halikupokelewa jinsi lilivyokuwa. Lakini mwaka 2015 Mel Gorman, mhandisi wa SUSE, alileta njia iliyokubalika, nayo ikaingia katika Linux 4.2 mwaka huo huo. Njia yenyewe ni rahisi kueleza. Mwanzoni hujazwa sehemu ndogo tu ya daftari, ile inayotosha mfumo kusimama. Prosesa nyingine zikishaamka, kila eneo la kumbukumbu hupewa mfanyakazi wake, nao hujaza zilizobaki kwa pamoja. Mwaka 2020 Daniel Jordan wa Oracle akaiendeleza, ili eneo moja lihudumiwe na wafanyakazi wengi badala ya mmoja.

Katikati ya hapo kuna kisa ambacho ningependa kila fundi akijue. Mwaka 2017 Pavel Tatashin, naye wakati huo akiwa Oracle, aliona jambo la ajabu kidogo. Kabla kadi hazijajazwa, mfumo ulikuwa ukilifuta daftari zima kwa sifuri. Kisha ulirudi na kuandika juu ya zile zile sifuri. Na ufutaji ule ulifanywa na yule yule prosesa mmoja aliye macho. Akapendekeza kila kadi ifutwe wakati ule ule inapojazwa, na anayeijaza ndiye aifute. Mabadiliko hayo yakaingia katika Linux 4.15, iliyotoka Januari 2018.

Je, mambo yaliishia hapo kwa furaha? La hasha. Ilikuja kuonekana kuwa zipo kadi za kurasa ambazo hakuna aliyekuwa akizijaza, kwa mfano kadi za sehemu zilizo wazi kati ya vipande vya kumbukumbu. Zamani hazikuwa na madhara kwa kuwa ufutaji wa jumla ulizipitia nazo zikabaki na sifuri. Ufutaji wa jumla ulipoondolewa, kadi hizo zikabaki na takataka. Programu nyingine ndani ya mfumo zilipozisoma, zilisoma uongo, na mashine zikaanguka. Wahandisi wakalazimika kurudi, kuzitafuta kadi hizo na kuzifuta moja moja. Aidha, wakaongeza hila ya uchunguzi: wanapojaribu mfumo, daftari hujazwa kwanza alama ya makusudi isiyo sifuri, ili anayesoma kadi isiyojazwa anaswe mara moja.

Hapo ndipo penye somo. Kazi iliyoonekana ya bure ilikuwa ikiwahifadhi watu ambao hata hawakujua kuwa wanahifadhiwa. Haikuwa kosa kuiondoa, kwani kasi iliyopatikana ni ya kweli na imebaki hadi leo. Lakini anayeondoa nguzo lazima kwanza aulize ni paa lipi lililoegemea hapo.

Tukirudi kwenye kazi ya kufuta kumbukumbu yenyewe, hoja ni hiyo hiyo. Mifumo endeshi ya kisasa haifuti kumbukumbu yote asubuhi. Programu inapoomba kumbukumbu, mfumo huiahidi tu. Programu ikigusa ukurasa kwa mara ya kwanza, ndipo mfumo unapochukua ukurasa ulio wazi, kuufuta na kuukabidhi. Windows kwa miaka mingi imekuwa na mfanyakazi wa cheo cha chini kabisa ambaye kazi yake ni kufuta kurasa pale tu prosesa inapokuwa haina shughuli nyingine. Ni kama mama lishe anayeosha sahani wateja wakipungua, ili wakirudi akute safi.

Kwa nini ukurasa ufutwe kabla ya kukabidhiwa? Kwa sababu ulikuwa wa mtu mwingine. Huenda ulibeba neno la siri la benki au barua ya mtu. Kumpa mwenzake bila kufuta ni sawa na kumpangisha mgeni chumba chenye nguo na vyeti vya mpangaji aliyeondoka. Tangu mwaka 2019, katika Linux 5.3, mwenye mfumo anaweza kuamuru pia kumbukumbu ya ndani kabisa ya mfumo ifutwe kila inapotolewa au kila inaporudishwa. Inapunguza kasi kidogo, lakini inaziba mianya. Huo ni uamuzi wa mwenye mali, aupime mwenyewe.

Kuna sababu nyingine mbili za kufuta, na asiyezijua asiguse mipangilio. Ya kwanza ni seva zenye kumbukumbu inayojisahihisha. Humo kila biti 64 za habari huambatana na biti 8 za ulinzi, ili kosa likitokea lijulikane na lirekebishwe. Umeme unapowashwa, habari na ulinzi wake vyote ni takataka na havilingani. Mashine ikisoma kabla haijaandika, itapiga kelele ya kosa ambalo halipo. Kwa hiyo kumbukumbu ya namna hiyo ni lazima iandikwe yote kwanza, na mtu asidhani anaweza kuliruka hilo.

Ya pili ni wizi. Februari 2008 watafiti wa Chuo Kikuu cha Princeton, Marekani, na wenzao walionyesha kuwa kumbukumbu haisahau papo hapo umeme unapozimwa. Hubaki na habari zake kwa sekunde kadhaa, pengine dakika, na ikipozwa kwa baridi kali hubaki zaidi. Mwizi mwenye ujuzi angeweza kuiwasha mashine upya kwa programu yake na kusoma funguo za siri zilizobaki. Kwa sababu hiyo kuna utaratibu ambao mfumo endeshi huacha alama inayosema: nikizimwa ghafla, futa kumbukumbu kabla ya kumruhusu yeyote. Ukifunga mashine kwa utaratibu, mfumo hufuta siri zake na kuiondoa alama. Kwa hiyo katika baadhi ya kompyuta, kuchelewa kuamka baada ya umeme kukatika ghafla kuna maana yake, ni mlinzi anafanya kazi.

Wahenga walituachia methali mbili zinazopigana: haraka haraka haina baraka, na ngoja ngoja huumiza matumbo. Watu huchagua ile inayowafaa siku hiyo. Nionavyo mimi, katika jambo hili hazipigani hata kidogo. Haraka isiyo na baraka ni ya kuruka ulinzi. Kungoja kunakoumiza matumbo ni kungojea kazi ambayo imeshafanyika au ambayo haijahitajika. Fundi stadi ni yule anayeweza kukuonyesha mpaka kati ya hizo mbili.

Sasa haya yanamhusu vipi aliyerejea nyumbani na akiba yake akafungua kibanda cha kompyuta, au mama anayevusha vitenge na kuweka hesabu zake kwenye mashine ya mtumba iliyotoka Ulaya au Dubai? Yanamhusu kwa fedha taslimu.

Kwanza, aache kuuziwa kumbukumbu kama dawa ya kuchelewa kuwaka. Ni jambo la kawaida kusikia fundi akisema, "Ongeza RAM, itawaka haraka." Kuongeza kumbukumbu husaidia mtu anayefungua programu nyingi kwa wakati mmoja. Kwa kuwaka, haisaidii sana, na kama upimaji kamili umeachwa wazi kwenye mipangilio, itachelewesha zaidi. Kufuta gigabaiti 4 ni kazi isiyozidi sekunde moja kwa mashine za miaka hii. Mara nyingi kinachochelewesha kompyuta ya dukani ni diski ya zamani ya kuzunguka, pamoja na msururu wa programu zilizojipanga kuanza zenyewe hata kama hakuna aliyeziita. Nazo zifanyiwe hesabu ile ile: ambayo haihitajiki asubuhi, isianze asubuhi.

Pili, mashine inapobadilisha mikono, ipimwe kumbukumbu yote, tena kwa saa nyingi, usiku kucha ikibidi. Ipo programu ya bure iitwayo Memtest86+, na Windows nayo ina chombo chake cha kupima. Baada ya hapo, upimaji wa kila siku uwe ule wa haraka. Waliorejea kutoka kambini wanaujua utaratibu huu: kwenye kituo cha mpito mtu huandikishwa na kuangaliwa afya, lakini akishafika kwenye kilima chake haangaliwi upya kila aendapo sokoni.

Kwa nini nasisitiza upimaji huo wa mwanzo? Kwa sababu kumbukumbu mbovu haipigi kelele. Kompyuta za kawaida hazina zile biti za ulinzi. Ndani ya kompyuta, tarakimu 7 na tarakimu 3 hutofautiana kwa biti moja tu. Biti hiyo ikigeuka, mzigo wa 700,000 husomeka 300,000, na hakuna taa nyekundu itakayowaka. Mfanyabiashara atagombana na mshirika wake wa upande wa pili wa mpaka, kila mmoja akiamini mwenzake ni mwizi.

Tatu, anayenunua kompyuta mpya kabisa yenye kumbukumbu za aina ya DDR5 asishtuke ikikaa na kioo cheusi kwa dakika kadhaa mara ya kwanza, au baada ya kubadilishiwa kumbukumbu. Mashine hizo hujifunza kwanza jinsi ya kuzungumza na chipu zake, kwa kuwa kasi ni kubwa na kosa dogo huharibu kila kitu. Asiizime katikati akidhani imekufa. Mashine nyingi huhifadhi matokeo ya mafunzo hayo ili zisijifunze upya kila siku, na kama hazifanyi hivyo, fundi atazame mipangilio.

Nne, tangu Windows 8 ya mwaka 2012, kuzima mashine kwa kawaida kunaweza kusiwe kuzima kweli. Mfumo huhifadhi hali ya kiini chake kwenye diski na kuirudisha kesho yake, badala ya kuanza upya. Ni hila nzuri ya kuokoa muda. Lakini mashine ikianza visa, kuizima na kuiwasha hakutaondoa visa hivyo. Mtu achague kuianzisha upya, yaani "Restart", hapo ndipo kiini huanza kweli kuanzia mwanzo.

Wapo watakaosema kuwa sekunde ishirini au dakika tatu si kitu, na kwamba mtu wa mpakani ana matatizo makubwa zaidi ya hayo. Kwa kibanda kimoja huenda wana haki. Lakini tusisahau kuwa fedha tunazotuma kwa simu, hati za mizigo na malipo ya ushuru hupita kwenye seva kubwa zilizo mbali nasi. Seva yenye kumbukumbu za terabaiti inapoanza upya, dakika zake si za mtu mmoja. Ni za kila aliyesimama kwenye foleni kutoka ziwani hadi pwani, na kila lori lenye samaki au ndizi. Hapo dakika kumi huwa ni mali iliyooza.

Kwa hiyo ombi langu kwa wanaonunua mitambo kwa fedha za umma, na kwa kampuni zinazotuuzia huduma, ni moja. Zabuni zinapoandikwa, huorodheshwa ukubwa wa kumbukumbu, wingi wa prosesa na nafasi ya diski. Ni vizuri. Uongezwe mstari mmoja: umeme ukikatika ghafla na kurudi, mtambo huu, ukiwa na kumbukumbu yake yote, utachukua dakika ngapi kurudi kazini? Muuzaji ajaribu mbele ya mnunuzi, saa ikiwa mkononi. Na akiiharakisha kwa kuruka jambo lolote, aeleze kwa maandishi ameruka nini na kwa nini ni salama kuliruka.

Muuzaji anayeijua mali yake hatashindwa kujibu. Atakayeshindwa, mnunuzi asitie saini.